Gift: ndoa, sumu na zawadi katika neno moja

Mpwa wangu anaitwa Gift. Alizaliwa baada ya dada yangu kungoja mtoto kwa miaka mingi, na bibi yake mzaa baba ndiye aliyetaka jina liwe la Kiingereza, kwa kuwa katika ukoo wao walikwisha kuwapo akina Zawadi wawili, Tunu mmoja na Hidaya mmoja, na majina ya shukrani yalikuwa yameanza kugongana. Jina hilo halikumpa taabu yoyote shuleni wala chuoni. Taabu ilianza alipokwenda Göteborg, nchini Uswidi, kwa masomo ya uzamili, na katika siku zake za mwanzo akaletewa fomu ya kujaza. Mahali pa jina aliandika Gift. Mistari michache chini yake, mahali pa kueleza hali ya ndoa, alikuta jina lake limekwisha kuchapishwa, likiwa na kisanduku cha kuwekea alama, na kisanduku cha pili kimeandikwa "ogift". Mwenzake aliyemsaidia kusoma fomu ile alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwandikia kwenye karatasi sentensi sahihi kabisa ya Kiswidi: "Gift är ogift." Maana yake ni kwamba Gift hajaolewa, ila kwa sikio la Mswidi inasikika kama kusema kuwa Ameolewa hajaolewa.

Wiki hiyo hiyo alipita dukani akaliona tena jina lake, safari hii kwenye kopo la kuulia panya: "råttgift", sumu ya panya. Jioni akanipigia simu. "Shikamoo mjomba. Hivi hili jina langu lina nini?"

Nilimwandikia jibu refu kuliko alivyotaka, na hapa naliandika upya kwa mpangilio ulio bora kidogo, kwa sababu tangu siku ile nimekutana na watu kadhaa wanaosimulia habari za neno hili kwa nusu tu, wakiishia penye kicheko.

Katika Kiswidi, Kidenmaki na Kinorwe cha leo, "gift" ni sifa ya mtu aliye katika ndoa, awe mume au mke. "Gift" hiyo hiyo, bila kubadilika hata herufi, ni jina la sumu. Lakini zawadi si "gift" katika lugha yoyote kati ya hizo tatu: Waswidi husema "gåva" au "present", na Wadenmaki na Wanorwe husema "gave". Mgeni mwenye Kiingereza cha darasani akiona jina la taasisi ya Waswidi iitwayo Giftinformationscentralen anaweza kudhani ni ofisi inayowashauri watu wawanunulie nini wapenzi wao siku ya kuzaliwa. Kumbe ni kituo kinachotoa ushauri kwa simu mtoto anapokunywa mafuta ya taa au mtu anapokula uyoga asioujua. Wenyeji wa nchi hizo wana mzaha wao usiozeeka kwamba hekima ya mababu zao iliona mapema kuwa ndoa na sumu ni kitu kimoja, na kila mgeni husimuliwa mzaha huo kama vile hajapata kusimuliwa na mwingine. Unachekesha, sikatai. Ila unalificha jambo ambalo kwangu lina ladha zaidi, nalo ni kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja kweli, na mama yao ni kitenzi cha kupa.

Lugha za jamii ya Kijerumani, yaani Kijerumani chenyewe, Kiholanzi, Kiingereza na lugha za Skandinavia, zilirithi kitenzi kimoja cha kupa, ambacho leo kwa Kiingereza ni "give" na kwa Kijerumani ni "geben". Kutoka kitenzi hicho wasemaji wa kale waliunda nomino kwa kuongeza "t" mwishoni, na hiyo "t" ikaifanya konsonanti ya mwisho wa mzizi iwe "f". Ndivyo Kiingereza kilivyopata "drift" kutoka "drive" pia. Sisi tusishangae, maana anayepika kwetu ni mpishi na anayeiba ni mwizi, na hakuna anayeuliza "k" ya kwanza na "b" ya pili zimekwenda wapi. Nomino iliyozaliwa ilikuwa na maana pana sana: tendo la kupa, au kitu kinachopewa. Nani anapewa, nani anatoa, na kinatolewa nini, hayo neno lenyewe halikusema. Upana huo bado unaonekana katika jamaa zake wa Kiswidi wasio na ndoa wala sumu ndani yao: "avgift" ni ada, "utgift" ni matumizi ya fedha, "uppgift" ni kazi uliyopewa au taarifa uliyotoa. Mpwa wangu, kama wanafunzi wengine wanaotoka nje ya Ulaya, hukutana na "avgift" mara nyingi kuliko anavyopenda.

Tuanze na ndoa, kwa sababu ndiyo maana kongwe zaidi kati ya hizi mbili, na ndiyo inayotugusa sisi kwa karibu. Katika lugha ya kale ya Skandinavia, ambayo wataalamu huiita Kinorsi, kitenzi "gipta" kilikuwa na maana ya kumtoa binti na kumkabidhi kwa mume. Mtendaji alikuwa baba, au kaka, au ndugu mwingine wa kiume mwenye mamlaka juu yake. Binti ndiye aliyekuwa kitu kinachopewa. Basi sifa "gift" iliyomo katika fomu ya mpwa wangu ni kitendwa cha kitenzi hicho: mtu aliyekwisha kutolewa. Kiaislandi, lugha iliyohifadhi mambo mengi ya Kinorsi, kilikuwa na kitenzi kimoja kwa mwanamume na kingine kwa mwanamke: mwanamume "kvænist", yaani hujipatia mke, na mwanamke "giftist", yaani hutolewa. Waaislandi wa leo hutumia kitenzi cha pili kwa wote, lakini mgawanyo ule wa zamani Mswahili anaufahamu bila kuelezwa. Mume huoa, mke huolewa, na mzazi huoza. Mwandishi wa habari anapoandika kwamba msichana "aliozwa" akiwa na miaka 14, kitenzi chenyewe kinatuambia kwamba palikuwa na mtu wa tatu aliyemtoa, na hicho ndicho "gipta" ilichokuwa ikisema.

Sheria za Uswidi zilimpa mtu huyo wa tatu cheo na jina. Aliitwa "giftoman", na sijaona neno la Kiswahili linalomfaa kuliko walii: ni yule ambaye bila idhini yake ndoa ya binti haifungiki. Sheria kuu ya Uswidi ya 1734 ilitenga sehemu nzima kwa mambo ya ndoa, na sehemu hiyo ilibeba neno letu katika jina lake, "Giftermåls balk". Ilipofika 1872 ndipo mwanamke Mswidi aliyetimiza miaka 21 alipopata haki ya kuolewa bila kibali cha walii, na tangu hapo maana ya kitenzi ikaanza kuwa kaburi la desturi iliyokufa. Siku hizi Waswidi wawili wakifunga ndoa husemwa "gifter sig". Ukilitafsiri neno kwa neno, wanajitoa wenyewe, au, kwa Kiswahili kitakachomfanya shangazi yangu ashike mdomo, wanajioza.

Uingereza nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika Kiingereza cha kale neno "gift" lilikuwepo, lakini halikuwa na maana ya zawadi ya kawaida. Lilikuwa mali inayotolewa kwa ajili ya mke, na katika umbo la wingi lilikuwa harusi. Mfalme Ine, aliyetawala Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, kuanzia 688 hadi 726, aliacha sheria ambazo moja yake inasema kwamba mtu akinunua mke na kisha "gyft", yaani ndoa, isitokee, mali irudishwe na fidia ilipwe juu yake. Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu kesi hiyo nimeisikia ikisemwa barazani, wazee wa pande mbili wameketi na ng'ombe wawili kati ya wanne wamekwisha kuchinjwa. Miaka mia tatu na zaidi baadaye, Cnut, Mdenmaki aliyekuwa mfalme wa Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035, alipiga marufuku mwanamke kulazimishwa kuolewa na mtu asiyempenda, wala kuuzwa kwa mali, isipokuwa kama mwoaji anataka kutoa kitu kwa hiari yake. Hapo mahari inaanza kusogea kuwa zawadi, na wala sidhani kwamba ni bahati mbaya kwamba neno nalo lilikuwa likielekea huko huko. Palikuwa pia na "morgengifu", ambayo Waswidi huiita "morgongåva": kitu ambacho mume humpa mke asubuhi ya kwanza baada ya harusi, na ambacho hubaki mali ya mke. Watu wa pwani wenye kumbukumbu ya kipamkono wataelewa, ingawa cha kwao hutolewa kabla ya asubuhi.

Sasa sumu. Maana hii ni ngeni katika Skandinavia, na Waviking, mabaharia wa kale wa huko, hawakuijua. Sumu kwao ilikuwa "eitr", na Waaislandi bado husema "eitur" hadi leo. Ndiyo maana Kiaislandi kimesalimika na mzaha wote niliousema hapo juu. Huko Denmaki neno hilo la kale limejificha ndani ya buibui, "edderkop", ambaye kipande chake cha mbele ni sumu, na Waingereza wa kale walikuwa na mdudu huyo huyo kwa jina la "attorcoppe". Kiingereza kimelipoteza jina hilo isipokuwa katika lahaja chache, lakini kipande chake cha nyuma kimo ndani ya "cobweb", utando wa buibui, kinaning'inia pembeni ya dari bila kujulikana na mtu.

Ilikuwaje basi kitu kinachopewa kikawa sumu? Njia ilipita kwa matabibu. Wagiriki walikuwa na neno "dosis", lililotokana na kitenzi chao cha kupa, na waganga wao walilitumia kwa kiasi cha dawa anachopewa mgonjwa kwa mara moja. Neno hilo likaingia katika Kilatini cha tiba. Wajerumani, badala ya kulichukua lilivyo, walilitafsiri kwa kutumia neno lao lenye muundo uleule: kupa kwao ni "geben", kwa hiyo kinachopewa ni "gift". Kwa hiyo mwanzoni "gift" ya tabibu ilikuwa dawa iliyopimwa, na kila anayejua dawa anajua kwamba kipimo ndicho kinachoitenga na sumu. Taratibu neno likaegemea upande wa giza, kwa sababu lilikuwa la adabu: badala ya kusema kwamba fulani alimuua mwenzake kwa sumu, ulisema kwamba alimpa kitu.

Hapa Mswahili hana haja ya Mgiriki wala Mjerumani. Msibani hatusemi haraka kwamba marehemu aliwekewa sumu. Tunasema "alilishwa", au "walimpa kitu", kwa sauti ya chini, na aliyepo anaelewa. Kitenzi cha kulisha, ambacho mama hukitumia kwa mtoto wake, na kitenzi cha kupa, ambacho hukitumia kwa mgeni, ndivyo tunavyovikabidhi kazi ya kulisema jambo tusilotaka kulitaja. Dawa nayo imepita njia hiyo kwa mwendo wa kinyume: tunanunua dawa ya mbu, dawa ya mende na dawa ya panya, na hakuna anayefikiri kwamba panya wetu ni wagonjwa. Wagiriki walikuwa na "pharmakon", ambayo ilikuwa dawa na sumu kwa pamoja. Na Waingereza wanaowacheka Waswidi wajiangalie wenyewe, maana neno lao la sumu, "poison", walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Walatini, ambao kwao lilikuwa ni kinywaji tu. Dada yake "potion" bado ni kinywaji.

Kuna jambo moja katika safari hii ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Lile "dosis" la Kigiriki halikuishia kwa Wajerumani. Lilipita pia kwa Wafaransa hadi kwa Waingereza likawa "dose", na kutoka kwa Waingereza tukalipata sisi. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anapomwambia mgonjwa amalize dozi, anatumia neno la Kigiriki la kupa, lile lile ambalo tafsiri yake ya Kijerumani imeandikwa kwenye kopo la panya kule Göteborg. Dozi yetu na "gift" yao ni neno moja lililovaa nguo mbili.

Wajerumani waliolivusha neno hilo hadi Skandinavia walikuwa wale wa kaskazini, wafanyabiashara wa Hansa, yaani umoja wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, ambao katika karne ya 14 na ya 15 walikuwa na majumba, maghala na sauti kubwa katika miji ya Bergen, Visby na Stockholm. Mjini Stockholm sheria iliwaruhusu Wajerumani kushika hadi nusu ya viti vya baraza la mji, mpaka 1471 ilipofutwa. Waliokaa barazani namna hiyo hawaachi kuleta maneno, na maneno waliyoyaleta Skandinavia ni mengi kiasi kwamba mtu hawezi kuzungumza Kiswidi kwa dakika chache bila kuyatumia. Sisi wenyewe tulikuwa na jina gani la sumu kabla ya kupokea "sumu" kutoka Kiarabu kwa wafanyabiashara wa pwani ni swali la siku nyingine, ila naona pande zote mbili za dunia ziliridhika kununua neno hilo kwa wageni.

Sumu ilipokwisha kukaa ndani ya "gift", zawadi ilihama. Hilo nalo halihitaji mtaalamu: hakuna anayetaka kufika kwenye sherehe na kitu ambacho jina lake ni sumu. Wajerumani walihamia "Gabe" na "Geschenk", wakabakiwa na maana ya zamani ndani ya "Mitgift", mali ambayo binti hupewa na kwao anapoolewa. Waholanzi walikuwa waangalifu zaidi, wakaiondoa "t" kwenye sumu na kuiacha kwenye zawadi: "gif" itakuua na "gift" itakusaidia. Waswidi, Wadenmaki na Wanorwe waliifukuza zawadi na kuziacha ndoa na sumu zikae nyumba moja, na nadhani ziliweza kukaa pamoja kwa sababu moja ni sifa ya mtu na nyingine ni jina la kitu, hivyo hazikutani mlangoni. Mswidi akisikia "hon är gift" hawazi hata kidogo kwamba mwanamke yule ni sumu, kama nasi tusivyowaza kwamba mtu aliyepanda mti ameuzika ardhini.

Hapo ndipo Gift aliponiuliza kuhusu "kuoza". Alikuwa amewaeleza wenzake darasani kwamba hata kwao lipo neno la namna hiyo, kwani baba humwoza binti yake na nyama huoza jikoni, na darasa zima likashangilia kwamba Waafrika nao waliijua siri ya ndoa. Nilimwambia kwamba amewadanganya bila kukusudia. Kuoza kwa binti kumetoka kwenye kuoa, kwa kiambishi kile kile cha kusababisha kinachofanya anayelala alazwe na anayepona aponywe, na jamaa zake wote wako karibu: ndoa, mwoaji, kuolewa, kuozesha. Kuoza kwa nyama kumetoka kwenye mzizi mwingine kabisa wa Kibantu. Wazulu husema "ukubola" na Wachewa husema "kuola", na katika maneno hayo hakuna harusi yoyote, ni harufu tu. Vitenzi viwili vilivyotoka nyumba mbali mbali vilisagika kwa karne nyingi mpaka vikafanana sura, kama watu wawili wasio na undugu wanaopokea salamu za kila mmoja sokoni. "Gift" ni kinyume chake. Huko ni mtu mmoja aliyegawanyika mara mbili, na ukimfuata nyuma kwenye njia zote mbili unafika mlango mmoja. Kamusi za Kiswidi huyaweka maneno hayo chini ya vichwa viwili, kama kamusi zetu zinavyofanya kwa kuoza, na kwa msomaji mwenye haraka hilo linatosha. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kama mababu walikuwa na siri ya kusema, tofauti hii ndiyo yenye kila kitu, maana kwetu ni ajali ya sauti na kwao ni historia ya baba, binti na tabibu.

Imebaki Uingereza, na sehemu hii naipenda kwa sababu ya herufi moja tu. Katika Kiingereza cha kale, "g" iliyotangulia "i" au "e" ilitamkwa kama "y" ya yai. Kwa hiyo lile "gift" la mahari katika sheria za Ine lilitamkwa "yift", na kupa kulikuwa na "y" vile vile. Kama mambo yangebaki hivyo, Kiingereza cha leo kingekuwa na "yive" na "yift". Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400 baada ya kuishi London sehemu kubwa ya maisha yake, bado aliandika "yeve" na "yift". Lakini kaskazini na mashariki mwa nchi mambo yalikuwa mengine. Tangu jeshi kubwa la Wadenmaki lilipotua mwaka 865 na kuuteka mji wa York mwaka uliofuata, watu wa Skandinavia walikaa huko, wakalima, wakaoa na kuoza, na Kinorsi chao kilikuwa karibu sana na Kiingereza kiasi kwamba majirani wangeweza kuelewana kwa shida kidogo. Wao walitamka "g" ngumu, kama ya gari. Wakasema "gefa" na "gipt". Taratibu matamshi yao, pamoja na maana yao pana ya kitu kinachotolewa, yakashuka kusini na kuifuta "y" ya wenyeji.

Vita hivyo vya "g" na "y" vilipiganwa katika maneno mengine pia. William Caxton, aliyeleta uchapaji Uingereza, alisimulia mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara waliokuwa mtoni Thames wakielekea Zeeland, ng'ambo ya bahari huko Uholanzi, wakakwama kwa kukosa upepo. Mmoja wao alikwenda kwenye nyumba moja akaomba "egges", mayai, na mama mwenye nyumba akamjibu kwamba hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, kwa sababu naye Kifaransa hakukijua. Mwenzake akaomba "eyren", na hapo mama akaelewa. "Egges" lilikuwa la Kinorsi na "eyren" la Kiingereza cha kusini, na leo hakuna Mwingereza anayekula "eyren". Ajabu ni kwamba hata neno "husband", mume, ni la Kinorsi, kutoka "húsbóndi", bwana wa nyumba. Ila "wife" ni la Kiingereza chenyewe.

Kiingereza kiliichukua zawadi na kuiacha ndoa. Sumu haikuwahi kufika, kwa sababu Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, walikwisha kuwaletea Waingereza Kifaransa chao baada ya 1066, na nafasi hiyo ikajazwa na kile kinywaji cha Kilatini. Kutoka zawadi likazaliwa neno "gifted", mtu mwenye kipaji, na hapo tena njia zinakutana, kwa maana kipaji na kipawa vyote vimetoka kwenye kupa kwetu. Waaislandi nao wana "gifta", ambayo, mbali na ndoa, ni bahati njema ambayo mtu amejaliwa. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba akichoka kueleza jina lake kwa Waswidi, awaambie ni la Kiaislandi.

Hajafanya hivyo. Malalamiko yake ya mwisho yalikuwa kwamba Waswidi hawawezi hata kulitamka, kwani kila mtu humwita Yift. Hilo nalo lina sababu, nayo ndiyo niliyokuwa nikiingoja tangu mwanzo: baada ya kuwapa Waingereza "g" yao ngumu, Waswidi na Wanorwe waliilainisha ya kwao mbele ya "i" na "e" mpaka ikawa "y", kwa hiyo leo wao ndio wanaolitamka neno hili kwa sauti ile ile waliyoifuta Uingereza, na Mwingereza analitamka kama Mviking. Wadenmaki peke yao ndio walioitunza "g" ya zamani. Nilipomwandikia hayo Gift alinijibu kwamba analijua, kwa kuwa katika darasa lao yupo kijana mmoja wa Copenhagen ambaye hulitamka jina lake sawasawa kabisa, na kwamba amelitamka mara nyingi. Sikuuliza zaidi. Hayo ni ya baba yake.